Tuseme Kaa

Mgeni alimkuta Saliha amekaa chini uani, kati ya ndoo mbili, anasuuza mashuka ya wifi yake. Hakumsalimia. Aliruka maji ya sabuni yaliyokuwa yakitiririka kwenda mferejini, akaangalia viatu vyake kama vimepona, kisha akaenda moja kwa moja kwa bibi Ghanima, jirani wa ua huohuo, aliyekuwa amesimama mlangoni pake na kikombe cha chai.

"Ndiye huyu?"

"Huyu nani?"

"Yule waliyenielekeza. Wa miguu." Mgeni akashusha sauti. "Anaongea?"

Ghanima alicheka mpaka chai ikammwagikia mkononi. "Muulize mwenyewe. Lakini ukimuanza, we ndo utamuomba anyamaze."

Saliha alilikamua shuka, akalitupia kwenye ndoo safi, akafuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na haraka. Watu wenye viatu vya namna ile hawakuwa wapya kwake. Mmoja aliwahi kuja na kamera. Mwingine alikuja kumwombea asimame, akakasirika alipobaki palepale. Mwingine alimpima miguu kwa utepe wa fundi cherehani, paja, goti, kifundo, akaondoka na vipimo, na mpaka leo Saliha hujiuliza vipimo vile vilikwenda wapi. Wote walifika hapa Gasenyi, mwisho kabisa wa mji, wakiwa na vumbi na tabasamu, na wote waliondoka na kitu.

"Njoo huku," akamwambia. "Mi ndo wa miguu."

Mgeni alisema anaitwa Léonce, mkurugenzi wa kundi la teatri, michezo ya jukwaani. Aliongea akiwa amesimama, ameinama kidogo kiunoni, kama mtu anayesoma maandishi yaliyobandikwa chini ya meza.

"Tunafanya kazi na walemavu, dada. Kwa njia ya sanaa. Tunataka kuwarudishia sauti yao."

"Sauti yangu?"

"Ndiyo."

"Nani aliichukua?"

Léonce akatabasamu kwa subira. Macho yake yalikuwa yameshahamia ukutani, kwenye baiskeli ya mikono iliyoegemezwa pale bila gurudumu la mbele. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenye nayo.

"Ile ni ya kwako?"

"Ilikuwa."

Kaka yake Twahiru, fundi wa magari, ndiye aliyeiunda kwa vyuma vya kuokoteza, akaichomelea tena na tena mpaka mhimili ukagoma. Ilipokuwa nzima, Saliha aliizungusha kwa mikono hadi Buyenzi, akachukua kofia za kudarizi kwa muuzaji mmoja, akarudi nazo nyumbani. Ilipokatika, kofia zikaenda kwa mwanamke mwingine anayekaa karibu na duka. Twahiru hakusema lolote. Mkewe naye hakusema lolote, ila alianza kumwachia mashuka.

"Wafadhili wetu wanaleta mpya," Léonce alisema. "Ya kiwandani. Ataipata mmoja kwenye kundi. Mtu anayejitoa."

"Anayejitoa kwenda wapi?"

Safari hii Léonce alicheka kweli, na Saliha akaona kwamba si mjinga. Hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Pazia la Ghanima likasogea, akatoka Houda, mjukuu wake, msichana mrefu wa miaka ishirini. Alipoona viatu vya mwanamume alitaka kurudi ndani, lakini Léonce alikuwa ameshamwona.

"Na wewe, mdogo wangu? Ungependa teatri?"

Houda alitazama midomo yake, akatikisa kichwa kukubali.

"Usimwambie kitu huyo," Saliha alisema.

"Kwa nini? Amekubali."

"Ndo ugonjwa wake huo."

Houda hakuwahi kusikia sauti tangu azaliwe. Alikuwa amejifunza mapema kwamba mtu akikuelekezea mdomo na wewe usitikise kichwa, mdomo huo utapanuka zaidi, mate yataruka, mkono utakushika bega. Ukitikisa kichwa, wanakuacha. Kwa hiyo aliwatikisia kichwa wote: wauza mkaa, walimu waliomfukuza, wanaume wa kituo cha basi. Saliha peke yake ndiye ambaye hakumtikisia. Wao wawili walikuwa wamekulia ua mmoja, wakatunga lugha ya mikono ambayo hakuna shule inayoijua.

Saliha alikubali kwa masharti mawili. Gari lije kumchukua mlangoni, na Houda aende naye.

*

Mazoezi yalifanyika Mutanga Sud, kwenye ukumbi mdogo jirani na chuo kikuu. Aliyewafundisha hakuwa Léonce. Alikuwa Amélie, binti aliyemaliza chuo juzijuzi, kazi yake ya kwanza, mwenye sauti laini na tabia ya kuwashukuru watu kwa vitu ambavyo hawakumpa. Saliha alimchunguza sana. Alitafuta mahali ambapo binti yule angekuja kuchuma, na kutopaona hakukumridhisha. Alijiambia pamefichwa vizuri tu.

Siku ya kwanza Amélie alieleza namna ya kazi. Watacheza maisha yao wenyewe. Mchezo ukifika mahali ambapo jambo baya linatendeka, yeyote anaweza kuukatiza, akaingia mahali pa mchezaji, akalitenda jambo lile kwa namna nyingine.

"Unasema tu: Simama. Na wote wanasimama."

Mzee Mohamadi, aliyepoteza mguu chini ya lori alilokuwa akilitengeneza, aliweka mkongojo wake sakafuni taratibu.

"Binti yangu," alisema, "umewaangalia watu wako vizuri?"

Amélie akaziba mdomo kwa kiganja. Wakacheka mpaka wakamwonea huruma.

"Tuseme kaa," Saliha alisema kicheko kilipotulia. "Kusimama iko ya wengine. Kukaa tunaweza wote. Mutu akisema kaa, kila mutu anakaa chini. Chini kabisa, kwa simenti. Mwenye kusema, ndo anasikilizwa."

Amélie alikaa palepale, na sketi yake safi, akakunja miguu. Mmoja baada ya mwingine wakashuka. Léonce alibaki ameegemea ukuta.

"Mgongo wangu," alisema.

"Kule Kigoma, wakati wa ukimbizi," Mohamadi alidakia, "kaa ni mnyama wa ziwani. Anatembea upandeupande kama huyu Saliha wetu."

"Tena anabana vidole vya wajinga, mzee wangu."

Neno likabaki hilo. Na kwa kuwa Houda hasikii, Saliha alivua kandambili anazovaa mikononi akitambaa, akaipiga moja sakafuni mara mbili, pa, pa. Houda alihisi mshindo katika nyayo, akakaa.

Ilikuwa zamu ya Houda wiki iliyofuata. Alicheza kwa mikono, Saliha akasema maneno.

Alionyesha wanawake wakimpaka hina. Alionyesha furaha yake, kwa maana alidhani ni harusi ya binamu yake Nura. Alionyesha kidole kikigusa jino la dhahabu, na hapo Saliha akaeleza kwamba huyo ni Uthmani, ami yake, ndugu wa marehemu baba yake. Shehe aliuliza nje ya pazia, kama inavyotakiwa, iwapo binti ameridhia. Ami akajibu kwamba binti amenyamaza, na mwali akinyamaza ndiyo ameridhia. Shehe alikuwa mgeni mtaani. Hakuambiwa kwamba binti huyu amenyamaza tangu azaliwe.

Kisha komine, ofisi ya utawala wa eneo, kwa ndoa ya serikali. Mohamadi alikubali kuwa afisa. Alivaa kofia ya plastiki, akakohoa, akafungua mikono kama aliyeshika kitabu kikubwa. Alielekeza mdomo wake kwa Houda.

"Unakubali kuolewa na huyu?"

Houda akatikisa kichwa.

"Vizuri. Mwingine."

Pa, pa. "Kaa," Saliha alisema, na sauti yake ikamtoka kwa ukali ambao hakuutarajia.

Walikaa wote. Houda alimweleza kwa mikono, Saliha akawaeleza: mume alikuwa mfanyabiashara wa vipuri, mtu mzima, hakumpiga. Alimfungia ndani tu kila akienda dukani, na usiku hakumuuliza. Houda alitoroka kwa miguu mpaka kwa bibi yake. Mume alipolalamika, Houda na bibi yake waliambiwa ndoa ni halali, komine imeandika, msichana alikubali mbele ya afisa. Ami Uthmani aliahidi kumrudisha baada ya Idi.

Amélie aliinuka, akamwomba Mohamadi ile kofia. Alisimama mbele ya Houda. Hakuongea. Alimwonyesha mwanamume wa kufikirika, akamwonyesha pete, akamwonyesha nyumba na mlango unaofungwa. Alizifanya ishara vibaya, kama mtoto anayejaribu herufi. Kisha akafungua viganja viwili, akangoja.

Houda alimtazama muda mrefu. Midomo ya Amélie haikusogea. Hapakuwa na cha kutikisia kichwa.

Ndipo kichwa cha Houda kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Kikaenda tena, kwa kasi, kushoto na kulia, mpaka mtandio ukamdondoka mabegani na Ghanima, aliyekuja siku hiyo kutazama, akaenda kumshika.

Baadaye, wakingoja gari, Amélie alikuja kukaa kando ya Saliha.

"Kutakuwa na onyesho Kiriri, nyumbani kwa mfadhili. Mwakilishi wa komine amealikwa. Na mwanasheria mmoja wa wafadhili. Wakiiona sehemu ile mbele za watu, hawawezi kusema hawakujua. Ndoa inaweza kufutwa, dada Saliha. Sheria iko."

"We unaamini?"

"Naamini."

Saliha alimtazama usoni, akitafuta. Alitaka sana kukuta uongo, kwa sababu uongo angejua pa kuuweka.

Houda, aliyekuwa amewaangalia, alimgusa bega. Mikono yake iliuliza: sehemu ya komine, mbele ya watu wale, itakuwepo? Saliha aligonganisha kandambili zake mbili. Kati yao, hiyo ndiyo ilikuwa ahadi.

*

Baiskeli ililetwa ukumbini siku chache kabla ya onyesho, ya buluu, imefungwa utepe mwekundu. Léonce mwenyewe alimshika Saliha kwapani akampandisha. Viti vilisogezwa ukutani.

Alizungusha. Mnyororo haukukwaruza. Alizunguka ukumbi mara moja, akaongeza kasi, akazunguka tena, upepo ukapita kwenye shingo yake, viganja havikumuuma, na kwa muda mfupi alikuwa tayari kwenye barabara ya Buyenzi, anawapigia kelele waendesha bajaji wampishe. Alipobana breki alijikuta anacheka. Alichukia kucheka kule. Léonce alikuwa amemwona akicheka.

"Bon," Léonce alisema, na kuwaita wote. "Kuna mabadiliko kidogo. Sehemu ya komine inatoka."

Watu wakamgeukia Houda.

"Komine ndiyo imetupa ruhusa ya kucheza. Mwakilishi wao atakaa mstari wa mbele. Mnataka nimwalike mtu nimtukane? Sehemu ya ami inabaki. Ami ni mila. Wafadhili wanapenda sana mambo ya mila."

"Na Houda?" Saliha aliuliza kutoka kwenye kiti cha baiskeli.

"Yumo. Atatoa maua wakati wa wimbo. Ila nafasi yake ataicheza mwanafunzi mmoja wa chuo. Ana sauti nzuri. Watu lazima wasikie."

Mohamadi akainua uso. "Kwa hiyo kiziwi ataongea."

"Ni sanaa, mzee."

"Alhamdulillahi. Basi na mi nipewe mtu wa kutembea badala yangu."

Wachache walicheka, bila nguvu. Amélie alikuwa amesimama na makaratasi kifuani. Alifungua mdomo, Léonce akamtazama, akaufunga.

Wengine walipotoka, Léonce aliweka mkono juu ya usukani wa buluu.

"Hii iko yako, dada. Siku ile, mwakilishi wa komine atakukabidhi mbele ya watu. We utasema asante, basi. Lakini mchezo uende vile ulivyoandikwa. Tunaelewana?"

"Naelewa."

"Kuelewa na kuelewana si kitu kimoja."

"Ndo maana nimesema naelewa."

Alimshusha, akaisukuma baiskeli mpaka stoo, akafunga kwa kufuli. Ibaki safi mpaka siku ya onyesho, alisema.

Houda alikuwa mlangoni. Hakuwa amesikia, lakini alikuwa ameona sura. Mikono yake iliuliza: sehemu ya komine, ipo?

Ingekuwa rahisi kutikisa kichwa. Kila mtu katika mji huu alimtikisia Houda kichwa, kama yeye alivyowatikisia wao. Saliha alifikiria mashuka. Alifikiria mikono ya wifi yake ikiyaweka kando yake bila neno, kila asubuhi, mpaka mwisho wa maisha. Alitazama mlango wa stoo.

Akagonganisha kandambili.

*

Kutoka bustani ile ya Kiriri mji wote ulionekana kwa chini, na ziwa, na milima ya Kongo iliyokuwa ya buluu alasiri ile. Jukwaa lilikuwa la mbao, limeinuliwa, lenye ngazi mbele na ngazi nyuma. Mwenye nyumba aliomba radhi kwamba hakuwa amefikiria jambo hilo. Walinzi wawili walimbeba Saliha kupitia nyuma, wakimshika kila mmoja upande, wakizungumza wao kwa wao juu ya mechi ya jana.

Wageni walikuwa kwenye viti vyeupe, mwanasheria naye kati yao. Mwakilishi wa komine alikaa katikati, mtu mnene mpole, suti ya kijivu, akipeana mikono na kila anayepita.

Mchezo ulikwenda vile ulivyoandikwa. Mwanafunzi wa chuo alikuwa kiziwi mzuri mno. Alilia kwa sauti tamu, akamwambia ami kwamba mila inamkandamiza, kwa Kifaransa kisicho na kosa, na wageni wakaguswa. Ami akatubu. Makofi. Houda alikuwa nyuma, kando ya pazia, na maua mikononi, akitazama mdomo wa yule aliyekuwa yeye.

Baiskeli ikasukumwa jukwaani. Mwakilishi wa komine akapanda, akashika ncha ya utepe. Léonce akamshushia Saliha kipaza sauti mpaka kinywani, akakishika yeye mwenyewe.

"Dada Saliha ana neno dogo," aliwaambia wageni, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa.

Baiskeli ilikuwa karibu kiasi kwamba Saliha alinusa grisi yake. Angeweza kugusa tairi. Aliligusa. Lilikuwa na vile vinywele vidogo vya mpira ambavyo tairi huwa navyo kabla ya kukutana na barabara.

Kisha akavua kandambili moja, akapiga mbao mara mbili.

"Kaa," alisema.

Maua yalianguka. Houda alikuwa amekwishakaa. Mohamadi alishuka kwa mkongojo wake, polepole, akiguna. Wengine wakashuka. Mwanafunzi wa chuo aliangalia kulia na kushoto, kisha naye akakaa, akishikilia gauni. Kando ya pazia Amélie alikuwa na makaratasi yake. Naye akakaa juu ya mbao. Waliobaki wamesimama ni wawili tu, Léonce na mwakilishi aliyeshika utepe.

"Huyu anaitwa Houda," Saliha alisema. "Yule mwenye kulia ni mwanafunzi, mwenye mambo ni huyu. Mheshimiwa, iko kitu kimetolewa. Mzee Mohamadi, vaa kofia."

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Alihisi kidole cha Léonce kikibonyeza. Akapaza sauti yake mwenyewe, ile ambayo hakuna aliyewahi kuichukua.

Houda alicheza. Aligusa jino la dhahabu. Mohamadi, akiwa chini, alimwelekezea mdomo. Houda alitikisa kichwa, kisha akageukia viti vyeupe na mikono yake ikasema yaliyobaki, pete, mlango, usiku, na Saliha akayasema nyuma yake, neno kwa neno: komine haikumuuliza, komine ilimfungulia mdomo tu, aliyetikisa kichwa hakujua ametikisia nini, na baada ya Idi wanakuja kumchukua. Mwakilishi wa komine alisikia Kiswahili chote. Uso wake haukubadilika. Alipindisha tu ule utepe kidoleni.

Léonce alisogea mbele, akawasha kipaza sauti, akawatafsiria wageni wasiojua Kiswahili.

Saliha alijua Kifaransa cha dukani. Alingoja kusikia neno la ndoa. Alingoja neno la kiziwi. Alisikia komine, akasikia asante, akasikia asante tena, na neno refu linalofanana na lile wanaloandika kwenye vyeti vya shukrani. Mwakilishi alipotajwa aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Aligeuka kumtafuta Amélie. Amélie anajua Kifaransa, anajua Kiswahili, anajua mikono kidogo. Alikuwa amekaa, kama kanuni inavyotaka. Alikuwa akilia, na midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa.

Na wageni wakatikisa vichwa. Mstari wa mbele, wa pili, mpaka nyuma kwenye maua, walimtazama Houda kwa macho mapole, wakatikisa vichwa taratibu, kama watu wanaotaka mambo yaishe kwa amani.

Houda aliviona vichwa vile vyote. Uso wake ukafunguka. Alimgeukia Saliha, na mikono yake ikauliza:

Wamekubali?

*

Baiskeli ilipakiwa kwenye pikapu kabla viti havijakunjwa.

"Kuna taratibu ndogo zimebaki," Léonce alisema. Hata kuinama safari hii hakuinama. "Na gari imejaa. Amélie atawatafutia usafiri."

Pikapu ilishuka mteremko. Utepe ulikuwa bado umefungwa, na gurudumu la mbele lilizungushwa na upepo, likawa linakwenda lenyewe.

Saliha na Houda walibaki nje ya geti, ukingoni mwa lami. Mohamadi alikuwa ametangulia kwenda kutafuta bajaji. Baada ya muda Amélie alitoka. Alikuja akakaa chini kando yao, na gauni lake jeupe la sherehe.

"Nilikaa, dada."

"Niliona."

"Sikusema kitu."

"Na hilo niliona."

Houda alimgusa Saliha bega. Alikuwa hajajibiwa. Alitikisa kichwa chake mwenyewe kuwaiga wale wa kwenye viti, akafungua viganja: wamekubali?

Saliha aliweka kandambili chini, akamtazama usoni ili asikosee. Kichwa chake kikaenda kushoto, kikaenda kulia.

Geti lilifunguliwa. Mlinzi alitoka mbio kuongoza magari.

"Mama zangu, simameni. Hapa hapakaliwi, wageni wanatoka."

Hawakusogea. Gari la kwanza lilipunguza mwendo mbele yao. Nyuma ya kioo mwanamke wa mstari wa mbele aliwatambua, akasema maneno ambayo hayakupita kioo, akatikisa kichwa kwa upole. Houda alimtazama midomo. Kisha, polepole, akatikisa chake kukataa, kushoto, kulia, kushoto.

Mwanamke akatabasamu, akampungia mkono, akazidi kutikisa kichwa mpaka gari lilipokata kona.

"Nimesema simameni," mlinzi alisema.